Vitabu ambavyo hatukuweza kubeba



Leo sitaandika juu ya siasa, wala juu ya kazi ambazo tunatafuta bila kupata. Nataka kuandika juu ya kitu ambacho wengi wetu tuko nacho mu nyumba na hatukisemi, labda ni haya: vitabu vyetu. Iko swali moja la historia ambalo linanifuata tangu utoto. Juu ya nini mtu aliyepoteza nyumba nzima analilia vitabu?

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka. Nilikuwa na miaka minane. Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, na mshahara wa mwalimu wa wakati ule munaujua: wazazi wakilipa ulikuja, wasipolipa ulingoja. Lakini mu salon yetu kulikuwa étagère ya mbao, na juu yake vitabu 63. Hesabu hiyo ni ya papa, mimi nilikuwa mdogo. Mpaka leo anavitaja kimoja kimoja kwa vidole, kama mtu anayehesabu watoto wake. Vingine alivinunua Birere, chini, kati ya mafungu ya viatu vya zamani. Vingine aliachiwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kila kitabu, ukurasa wa kwanza, aliandika jina lake, tarehe, na mahali alipokipata.

Ile siku papa alibeba matelas juu ya kichwa na dada yangu mdogo mu mgongo. Mama alibeba sufuria na unga. Mimi nilipewa bido ya maji. Tukavuka mpaka, tukaenda Gisenyi pamoja na mamia ya maelfu ya watu wengine. Hakuna aliyebeba kitabu. Tuliporudi, lava ilikuwa imepita katikati ya mji, imeangusha cathédrale, imekata sehemu ya kiwanja cha ndege, imeingia mu ziwa Kivu. Mahali pa nyumba yetu palikuwa jiwe jeusi, na lilikuwa bado linatoa joto. Mama alililia mashini yake ya kushona. Papa alisimama tu kimya. Kisha akasema: "Bitabu yangu yote."

Nilikasirika. Hata mtoto wa miaka minane alijua kwamba mashini ya kushona inaleta chakula na vitabu havileti.

Kulikuwa kitabu kimoja ambacho nyumbani tulikuwa tunakizungumzia kwa hasira tangu 1999. Ni Petit Larousse ya mwaka 1987, nene, yenye picha. Mwanafunzi wa zamani wa papa aliikopa, akahamia Bukavu, akanyamaza. Mama alikuwa anamwita mwizi waziwazi. Sasa, majuma machache baada ya lava, huyo kijana alifika mahali tulipopangishwa. Alikuwa amesikia habari za Goma, akapanda bateau. Alitoa kitu kilichofungwa mu plastiki, akakishika kwa mikono miwili: "Mwalimu, unisamehe, nilichelewa." Papa alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma jina lake mwenyewe. Hapo ndipo alilia, na mimi sikuwahi kumuona akilia.

Katika vitabu 63, kilichopona ni kile tulichosema kimeibiwa.

Miaka ikapita. Nikasoma historia, nikamaliza, nami nikaanza kukusanya. Nilikuwa na vitabu arobaini hivi na rundo la silabusi za fotokopi. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mangaribi, mbingu ya Goma ikawa nyekundu tena. Mara hii lava ilisimama Buhene, karibu na kiwanja cha ndege. Lakini udongo uliendelea kutetemeka siku na siku, na Alhamisi tarehe 27, mapema, gouverneur wa kijeshi alitangaza kwamba sehemu kubwa ya mji itoke. Sisi tukachukua barabara ya Sake. Munakumbuka ile barabara ilivyokuwa: magari, pikipiki, chukudu, mbuzi, wagonjwa, wote pamoja.

Kabla ya kutoka nilikuwa nimejaza sac yangu vitabu. Mama aliifungua akaniangalia. "Na ii bitabu, tutaikula?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa hakuna jibu. Nikavitoa vyote, nikaacha TFC yangu na cahier moja tu, na mahali pao tukatia unga na mafuta. Mama alikuwa na haki. Naandika hivyo wazi ili mtu asifikiri kwamba nawaambia mupende karatasi kuliko watu.

Papa hakusema kitu. Lakini kule Sake, usiku, tumelala chini mu darasa la shule pamoja na familia nyingine tano, nikaona anatoa kitu ndani ya koti. Larousse. Simu yangu ilikuwa imezimika, pamoja na PDF zote mia tatu zilizokuwa ndani yake. Papa akawasha torche, na watoto waliokuwa hawapati usingizi wakamzunguka. Akawaonyesha ukurasa wa bendera za dunia. Mtoto mmoja akatafuta Congo yetu, hakuipata. Akapata Zaïre, bendera ya kijani yenye mkono unaoshika mwenge. "Mwalimu, hii ni inchi gani?" Papa akaanza kueleza, na darasa zima, hata watu wazima, likanyamaza kusikiliza.

Tulirudi Goma mwanzo wa mwezi wa sita. Nyumba ilikuwa imesimama, vitabu vyangu viko mahali pao. Na tunajua wote, tangu wakati ule tumefunga mizigo tena, kwa sababu nyingine kuliko volcan. Hiyo sitaiandika leo. Lakini tangu Sake nilianza kutafuta mu historia: ni nani mwingine aliyelilia vitabu, na machozi yake yalifaa nini?

Wa kwanza niliyempata alikuwa mbali sana na sisi, Tombouctou, kwenye mlango wa Sahara, Mali ya leo. Anaitwa Ahmed Baba. Alizaliwa 1556, wakati mji ule ulikuwa chini ya dola ya Songhai na ulijaa wanachuoni. Msafiri Léon l'Africain, aliyefika kule mwanzo wa karne ya 16, aliandika kwamba biashara ya vitabu ilileta faida kuliko bidhaa nyingine yoyote. Muzingatie hapo: wengi tulifundishwa kwamba Afrika ilikuwa ya mdomo tu, ya mzee na moto wa jioni. Kumbe kuna Waafrika waliokuwa wanabishana bei ya kitabu sokoni kabla ya koloni yoyote ya Wabelgiji.

Mwaka 1591 jeshi la sultani wa Maroko, Ahmad al-Mansur, lilivuka jangwa na bunduki zake, likashinda Songhai pale Tondibi. Miaka miwili baadaye wanachuoni wa Tombouctou walikamatwa, Ahmed Baba kati yao. Walipelekwa Marrakech kwa minyororo. Njiani alianguka toka juu ya ngamia, akavunjika mguu. Wakati alipopata nafasi ya kusimama mbele ya sultani, alimlalamikia kwamba nyumba yake iliporwa na vitabu vyake 1.600 vilichukuliwa. Na akaongeza kitu ambacho kinanishangaza kila mara ninapokifikiri: maktaba yake ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote mu ukoo wake.

Fikirini. Mtu amefungwa, mguu umevunjika, yuko mbali na kwao safari ya majuma mengi, na bado anataja hesabu ya vitabu: 1.600. Nilipoisoma, nilimuona papa na vidole vyake: 63.

Ahmed Baba alitolewa gerezani 1596, lakini hakuruhusiwa kurudi. Alibaki Marrakech, akafundisha, watu wakaja kumsikiliza. Na katika ule utumwa wa heshima aliandika kitabu kikubwa cha maisha ya wanachuoni, ili majina yao yasipotee. Alirudi Tombouctou 1608, baada ya kufa kwa sultani, na akafia kwao 1627.

Katika maandishi yake anamkumbuka mwalimu wake, Muhammad Bagayogo. Na hapa historia inafika karibu kabisa na salon yetu. Bagayogo alikuwa na vitabu vya bei, vya adimu, na alikuwa anavikopesha kwa mtu yeyote aliyebisha mlango. Hata kama hamjui. Havidai tena. Ahmed Baba anasema kwamba mwalimu wake alipoteza sehemu kubwa ya vitabu vyake kwa namna hiyo, na anamsifu kwa ajili ya hilo, ingawa alijua mwalimu huyo alivipenda sana.

Basi mwanafunzi alinyang'anywa vitabu, mwalimu alivitoa mwenyewe. Kwa hesabu ya étagère, wote wawili walibaki na nafasi tupu. Lakini si sawa. Kile kilichonyang'anywa kilienda kwa mwenye nguvu. Kile kilichokopeshwa kilienda kwa mwenye kiu. Na mwenye kiu ndiye anayeweza siku moja kupanda bateau kukirudisha.

Tombouctou ilipita mikono mingi baadaye, na kila mara familia zilifanya kazi ileile: kuficha. Maandishi yaliingia mu sanduku, mu chumba cha nyuma, hata chini ya udongo, na mzee akifa, mtoto mmoja anachaguliwa kuyatunza. Abdel Kader Haidara alichaguliwa hivyo akiwa bado kijana, baba yake alipofariki. Miaka ya 1980 alizunguka vijiji vya Niger na jangwa akiwaomba watu wakubali kuonyesha walichoficha. Haikuwa rahisi. Watu walimwona kama mtu anayekuja kuomba mtoto wao.

Mwaka 2012 vikundi vya silaha viliteka Tombouctou. Haidara na wenzake walinunua masanduku ya chuma, yale tunayoita kantini, wakayajaza usiku nyumba kwa nyumba, na kuyapitisha kidogo kidogo kwa gari na kwa mtumbwi mpaka Bamako. Mamia ya maelfu ya maandishi yalipona. Mwezi wa kwanza 2013, kabla ya kukimbia, wapiganaji walichoma maandishi kama 4.000 yaliyobaki ndani ya jengo jipya la serikali, lile linaloitwa kwa jina la Ahmed Baba mwenyewe. Jengo lile lilikuwa la kisasa, lakini usalama wa kweli ulikuwa wa watu waliokubali kuhatarisha maisha yao juu ya karatasi ya babu.

Sasa musifikiri kwamba elimu kubwa inatosha kuheshimu vitabu. Tuangalie Ubelgiji. Wakubwa wetu waliosoma Lovanium, iliyofunguliwa 1954, wanajua kwamba mama yake ni chuo kikuu cha Louvain. Maktaba ya Louvain ilichomwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1914, ikajengwa tena, ikaungua tena 1940. Mara zote mbili dunia ililia. Halafu, bila vita, Waflamand na Wafrancophone wakagawana chuo kikuu, na wakati wa kugawa vitabu, sehemu kubwa iligawanywa kwa namba: namba witiri upande huu, namba shufwa upande ule. Wataalamu walikaa kwenye meza, wakagawa kama watu wanaogawa mafungu ya samaki. Mimi nilicheka niliposoma. Kisha sikucheka tena, juu niliona kwamba kitabu kisichokuwa na mtu wake kinakuwa namba tu, hata mu inchi ya matajiri.

Turudi kwetu, Congo. Mwaka 1965, Lubumbashi, mji ambao bado uliitwa Elisabethville, wazee waliokuwa maboyi wa Wazungu walitoa historia ya mji wao, iliyokusanywa na André Yav. Waliiandika kwa Kiswahili chao, kile cha Katanga, kile ambacho sisi tuliosoma tunakionea haya. Walieleza Wazungu walivyofika, kazi ilivyokuwa, mishahara, njaa, fimbo. Haikuwa kitabu cha maison d'édition kubwa. Zilikuwa karatasi zilizopigwa kwa mashini. Karatasi kama zile, hapa kwetu, zinaishia sokoni kufungia karanga. Lakini nakala ilitunzwa, ikafika mikononi mwa watafiti, na mwaka 1990 Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, akaitoa kama kitabu. Leo ukitaka kujua Elisabethville kwa macho ya yule aliyekuwa anafua shati, utaenda pale. Maktaba za Wazungu zilijaa ripoti za mabwana. Sauti ya boyi ilipona juu ya mikono iliyokataa kuitupa.

Na kuna mzaliwa wa Likasi, Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa 1941 na kufariki Marekani mwezi wa nne 2025. Ni yeye aliyetufundisha neno "maktaba ya kikoloni": ule mzigo wote wa vitabu vilivyoandikwa na wageni kusema Mwafrika ni nani, mpaka Mwafrika mwenyewe anajitafuta ndani yake. Alifundisha Lubumbashi miaka ya 1970, kisha akaondoka Zaïre ya Mobutu, akaishi ng'ambo maisha yote yaliyobaki. Angeweza kuuza vitabu vyake, au kuviacha kwa chuo kikuu cha kitajiri kilichokuwa jirani. Lakini aliitoa maktaba yake binafsi kwa chuo kikuu cha Lubumbashi. Mtu aliyeeleza ubaya wa maktaba moja alituachia maktaba nyingine. Mwili wake haukuwa umerudi kuishi kwetu, lakini vitabu alivyoshika kwa mikono yake vilikuja Katanga.

Nikiweka hawa wote pamoja, naona jibu la swali langu la utoto. Mtu anayelilia vitabu halilii karatasi. Analilia ile njia aliyopita. Papa akitaja kitabu cha 17 au cha 40, anataja mwaka ambao hakununua viatu, padri aliyemuaga, mvua iliyonyesha Birere. Kila kitabu ni siku moja ya maisha yake ambapo aliamua kuwa mtu mwingine kuliko vile mshahara wake ulimruhusu. Ndiyo maana tunaweka majina yetu ndani. Si tu kusema "hii ni yangu". Ni kusema "nilipita hapa".

Lakini historia inasema pia kitu cha pili, na ndicho nataka mubaki nacho. Upendo wa kufunga haulindi. Vitabu 62 vya papa vilikuwa vimefungwa vizuri, vikaungua vyote. Kilichokuwa nje kikapona. Vitabu vinaishi mahali ambapo watu wengi wanajua viko wapi: familia ya Haidara, rafiki wa boyi, chuo kikuu cha Lubumbashi, kijana wa Bukavu. Sisi vijana tumezoea kusema "mwenye kukopesha kitabu ni mjinga, mwenye kukirudisha ni mjinga zaidi". Tunacheka. Lakini katika mji kama wetu, wenye volcan nyuma na vita mbele, mwenye kuficha vitabu vyake vyote mahali pamoja ndiye anacheza na moto.

Ile cahier niliyobeba mpaka Sake, sasa ina kazi. Upande mmoja naandika kila kitabu kilicho nyumbani, jina na mwaka, kusudi kikiungua tujue kilikuwepo. Ahmed Baba alijua hesabu yake, nami nataka kujua yangu. Upande wa pili naandika nani amekopa nini. Fanyeni hivyo nanyi, hata kama muko na vitabu sita tu na silabusi. Andikeni majina yenu mu ukurasa wa kwanza. Na zile TFC na mémoire zetu, musiache nakala moja tu mu kabati ya faculté. Muwape wazazi, muwape wenzenu wa Bukavu, Bunia, Kisangani, Lubumbashi.

Juma lililopita nilitaka kuchukua picha ya Larousse ili niwaonyeshe. Sikuiona. Nikamuuliza papa, naye bila kuinua macho: "Iko kwa ule mutoto wa jirani, anajitayarisha kwa examen d'État." Nikaanza kulalamika: "Papa, ile ndiyo moja tu imebakia!" Akaniangalia kama vile alivyokuwa anawaangalia wanafunzi wake.

"Juu ya ile," akasema.

Nikafungua cahier, nikaandika jina la mtoto na tarehe.